Neno la Mhariri: Ya CD au ya Dijitali?

Toleo hili linatoka wakati swali la zamani limepata mwenzake. La zamani mnalijua: ninunue PlayStation, Xbox au Nintendo? Jipya limeletwa na kampuni zenyewe. Juni 2025 Microsoft ilitangaza kwamba inashirikiana na AMD kutengeneza chipu za mashine zake zijazo. Miezi michache baadaye Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation, akazungumza hadharani kuhusu teknolojia anayotarajia kuiweka katika mashine itakayotoka miaka michache ijayo. Basi mtu aliyekuwa akidunduliza fedha zake anajiuliza: ninunue sasa, au nisubiri?

Kurasa za ndani zinazipima mashine hizo moja baada ya nyingine. Hapa nina hoja moja tu, nayo ni kwamba kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki jina la kampuni ni jambo la pili. La kwanza ni kama mashine ina mahali pa kuingizia CD au kadi. Wauzaji wameshalijua hilo, ndiyo maana ukiulizia PS5 dukani utaulizwa papo hapo: ya CD au ya dijitali? Wanunuzi wengi hulijibu kwa kutazama bei. Nadhani ndilo swali zito kuliko yote watakayoulizwa siku hiyo.

Tuanze na nguvu, maana mabishano ya vijiweni huanzia hapo. Xbox Series X ina teraflopu 12, PS5 ina 10 na kidogo, PS5 Pro inakaribia 17. Namba hizi ni za kweli, lakini historia haizipi uzito tunaozipa. Mwaka 1989 Atari ilitoa Lynx, mashine ya mkononi yenye kioo cha rangi. Mwaka huohuo Nintendo ilitoa Game Boy, kioo chake cha kijivu kilichofifia, na ndiyo iliyotawala. PlayStation 2 haikuwa na nguvu za Xbox ya kwanza, lakini iliuza zaidi ya mashine milioni 160 huku mwenzake akiishia kwenye milioni 24 hivi. Wengi walivutwa na uwezo wa PS2 wa kucheza DVD.

Mwaka 2006 somo hilo lilirudiwa kwa gharama kubwa. Sony ilileta PlayStation 3 ikiwa na kichakato cha Cell, kilichobuniwa pamoja na IBM na Toshiba, na kisomeo cha Blu-ray. Bei ya juu ilikuwa dola 599. Nintendo ikaja na Wii kwa dola 249.99, mashine isiyoweza hata kutoa picha ya HD, ila bibi na mjukuu waliweza kuishika na kucheza tenisi sebuleni bila kufundishwa. Wii iliuza zaidi ya milioni 101, PS3 ikaishia milioni 87 na ushei. Xbox 360, iliyowatangulia wote Novemba 2005, ilikuwa na msiba wake: mashine nyingi zilikufa zikiwasha taa nyekundu, na Julai 2007 Microsoft ililazimika kurefusha dhamana kuwa miaka mitatu, hatua iliyoigharimu zaidi ya dola bilioni moja. Waliokimbilia kununua mwanzoni ndio waliofanyiwa majaribio.

Siku hizi hata tofauti ya nguvu imepungua maana. PS5 na Xbox Series zote mbili zina chipu za AMD za ukoo mmoja. Gemu zilizokuwa za mashine moja nazo zinahama: Forza Horizon 5 ilifika PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti, na Microsoft imeshatangaza kwamba Halo nayo inakwenda huko. Kijana aliyenunua Xbox mwaka 2020 kwa ajili ya gemu hizo leo anaziona zikichezwa kwa jirani yake mwenye PlayStation. Kilichobaki kuzitenganisha mashine hizi ni namna gemu inavyokufikia, na kama ikishakufikia ni yako.

Vita hiyo ilishawahi kupiganwa waziwazi. Mei 2013 Microsoft ilitambulisha Xbox One, na muda si muda ikajulikana kwamba mashine ingetaka kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kuazimisha gemu kungewekewa masharti. Juni, katika maonyesho ya E3, Sony ikatangaza PS4 kwa dola 399, dola 100 chini ya mwenzake. Kisha ikatoa video fupi mno ya kufundisha namna ya kumwazima mwenzako gemu: Shuhei Yoshida wa Sony anamkabidhi mwenzake Adam Boyes boksi, basi. Dunia ilicheka. Tarehe 19 Juni Microsoft ikayafuta masharti yake, lakini sifa ilikwisha kuharibika, na PS4 ikaja kuuza zaidi ya milioni 117.

Walioshinda siku ile walikuwa wachezaji wanaoazimana. Lakini kilichofukuzwa mlangoni kimerudi kupitia dirishani. Mwaka 2019 ikatoka Xbox One S isiyo na kisomeo. Mwaka 2020 zikaja Xbox Series S na PS5 ya dijitali. Novemba 2024 Sony ilitoa PS5 Pro kwa dola 699.99, mashine yake ghali kuliko zote, bila kisomeo. Ukikitaka unakinunua pembeni. Switch 2 ya Nintendo, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, bado ina tundu la kadi, lakini baadhi ya kadi hubeba ufunguo tu na gemu yenyewe unaipakua. Angalau ufunguo huo unaweza kumuuzia mwingine.

Kwetu sisi hili lina uzito wa pekee. Utamaduni wetu wa gemu umejengwa juu ya kitu kinachopita mkono kwa mkono. Kibanda cha gemu, iwe Manzese au Eastleigh, kina televisheni, pedi mbili na watoto wanaolipa kwa mechi. Wakati wa PS2 wengi wetu tulicheza CD za kunakili zilizouzwa barabarani, na tuseme ukweli, ndiyo maana bei ya gemu halali inatushtua hadi leo. Gemu mpya ya PS5 ni dola 70 huko inakotoka, na Mario Kart World ya Switch 2 ni dola 80. Kinachoifanya bei hiyo ivumilike ni soko la mtumba. Unanunua CD, unaimaliza, unaiuza au unaibadilisha kwa kuongeza kidogo, na fedha ileile inakupa gemu ya pili na ya tatu. Mwenye mashine ya dijitali hana soko hilo. Akimaliza gemu, imekwisha pamoja na fedha yake.

Kuna tatizo kubwa zaidi, nalo watu wengi huligundua wameshalipa. Mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Kenya, Tanzania wala Uganda. Barani Afrika, nchi inayotambuliwa ni Afrika Kusini. Oman, Qatar na Falme za Kiarabu zimo. Kwa hiyo Mswahili wa Muscat hufungua akaunti kwa anwani yake na kulipa kwa kadi yake, ilhali binamu yake wa Tanga hujiandikisha kama mkazi wa London au Johannesburg, kisha hutafuta kadi za zawadi za nchi hiyo kwa bei ya mlanguzi. Mei 2024 jambo hili lilionekana dunia nzima. Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kwa kuwa wakazi wake hawakuwa na njia halali ya kufungua akaunti. Kelele zikafanya sharti la akaunti liondolewe. Nchi zenyewe hazikuongezwa.

Fikiria basi mtu anayeweka maktaba yake yote ya gemu ndani ya akaunti yenye anwani isiyo yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako. CD haimwulizi mtu anakaa wapi. Gemu za diski za PS5 hazifungwi kwa nchi, hata iliyotoka Dubai au Marekani itacheza. Angalizo ni kwamba nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni sharti zilingane na eneo la gemu, kwa hiyo CD ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza inaweza kukukwamisha hapo.

Sisemi kwamba CD ni dawa ya kila kitu. Zipo zisizobeba gemu nzima, na masasisho yatakula bando lako vilevile. Call of Duty pekee inaweza kuchukua zaidi ya GB 100. Lakini kuna tofauti kati ya kupakua kiraka na kupakua gemu nzima kila unapoifuta ili upate nafasi. Na nafasi ni kidogo: PS5 ya mwanzo inakuachia GB 667 hivi, Xbox Series S ya GB 512 inakuachia 364.

Upande wa pili nao una hoja, tena si dhaifu. Gemu ya dijitali haichubuki, haiibiwi, na mtoto haiachi juani. Mwenye intaneti ya faiba nyumbani na kadi inayokubalika anaweza kufaidi Game Pass ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2017, inayompa mamia ya gemu kwa malipo ya mwezi. Xbox Series S ilipotoka kwa dola 299 ilikuwa mlango wa bei nafuu kuliko yote katika kizazi hiki. Lakini rahisi huvunja upishi. Oktoba 2025 kifurushi cha juu cha Game Pass kilipanda Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, na mwenye mashine isiyo na kisomeo hakuwa na pa kukimbilia zaidi ya duka la kampuni ileile. Mwenye kisomeo angeweza kuacha kulipia na kwenda mtaani kutafuta CD.

Maduka hayo hayadumu milele. Nintendo ilifunga mauzo ya Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Ulichokinunua bado unaweza kukipakua, kwa hisani ya mwenye duka, hadi atakapoamua vingine. Jimbo la California limefika mahali pa kutunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za namna hii amweleze mteja kwamba anapewa leseni. Kwetu mteja haambiwi lolote.

Turudi kwa anayeuliza kama asubiri. Kusubiri kulikuwa na faida zamani: PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi 99 mwaka 2009. Kizazi hiki kimepanda badala ya kushuka. Xbox Series X iliyotoka kwa dola 499 ilifika 649.99 nchini Marekani Oktoba 2025, na PS5 ya diski ilipanda kutoka 499 hadi 549.99 Agosti mwaka huohuo. Anayesubiri bei ishuke huenda akasubiri sana. Anayesubiri kizazi kipya akumbuke taa nyekundu za Xbox 360, na akumbuke pia kwamba mashine ya zamani haifi siku mpya inapozaliwa: God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022, miaka miwili baada ya PS5, na bado ikachezwa kwenye PS4. Mwenye kipato kidogo anaweza kununua PS4 ya mtumba yenye kisomeo kizima na asijute.

Ushauri wetu basi unakwenda kwa mpangilio huu. Chagua kwanza kati ya mashine zenye mahali pa CD au kadi. Kisha tazama rafiki zako wana nini, kwa sababu gemu za kuazimana ni za wenye mashine moja. Halafu uliza kama fundi wa karibu anaijua. Nguvu na rangi ya boksi vifuate nyuma. Anayejua kwamba intaneti yake ni ya uhakika na kwamba hatawahi kuuza gemu anunue ya dijitali kwa amani, mradi anajua alichoacha. Wauzaji nao tunawaomba wamweleze mteja kabla hajalipa kwamba mashine fulani haina kisomeo, badala ya kumwachia agundue akiwa nyumbani na CD mkononi.

Kampuni zikitaka tuachane na CD, masharti yetu si magumu. Zifungue maduka yao kwa anwani za Dodoma, Kampala na Nairobi, zipokee malipo ya simu tunayolipia umeme na ada za shule, na ziruhusu gemu niliyoinunua niiuze nikiichoka. Zikitimiza hayo matatu, tutaandika neno jingine. Kwa sasa, dukani, jibu ni moja: ya CD.