Kiolezo ni Mali ya Shule



Kila mwisho wa mwaka shule yetu hutoa vyeti vya sifa kwa wanafunzi waliofanya vizuri, na kila mara kazi ya kuvitengeneza kwa kompyuta huanza upya, kana kwamba haijapata kufanywa. Haifai tuendelee hivyo.

Mwaka juzi kijana aliyekuwa akivitengeneza alimaliza masomo akaenda zake. Alituachia picha nzuri sana, lakini zilikuwa zimegandana: rangi, nembo, nakshi za pembeni na majina, vyote kitu kimoja. Basi mwaka jana jina la msichana mmoja likakosewa herufi mbili. Tulipaka weupe juu yake tukaandika upya, na kiraka kikaonekana waziwazi. Baba yake alikuwa amevuka mpaka kwa miguu kutoka Goma ili amwone mwanawe akisifiwa. Alikitazama cheti kimya, akakikunja, akakitia mfukoni. Mimi niliona haya.

Simlaumu yule kijana, maana hakuna aliyemwambia kuwa kazi ya namna hii yapasa kufanywa kwa matabaka. Programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure, humwezesha mtu kuweka kila kitu katika tabaka lake: chini rangi, juu yake nembo, kisha picha, kisha maandishi. Ni kama kanga, yenye pindo kandokando, mji katikati, na jina lililoandikwa. Mwenye kiwanda aweza kubadili jina tu, pindo na mji vikabaki vile vile. Kazi ikihifadhiwa katika faili la XCF, matabaka yake hubaki mbalimbali, na jina la mwanafunzi hubadilishwa kwa dakika moja. Ikihifadhiwa kwa JPEG peke yake, matabaka hushikana wala hayaachani tena. Basi JPEG ni ya kumpelekea mpiga chapa; XCF ni ya kuweka akiba.

Hapa Gisenyi kuna faida nyingine. Tangazo letu moja husomwa na watu wa Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Mwenye kiolezo huweka kila lugha katika tabaka lake, akafunua moja na kuficha nyingine, na picha ikabaki ile ile.

Wako wasemao kuwa kiolezo huua ufundi, kwa sababu kila kitu kitafanana. Sikubaliani nao. Cheti cha mtoto wa tajiri na cha mtoto wa maskini havina budi kufanana. Tena, fundi asiyepoteza siku nzima kuchora nakshi zile zile ana nafasi ya kubuni jambo jipya.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kiolezo kipimwe tangu mwanzo kwa karatasi ya A4, yaani pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni nukta 300 kwa kila inchi, ili maandishi yasififie yakichapwa. Pili, kila tabaka lipewe jina, kama vile "mwanafunzi", "tarehe" na "sahihi", na aina za herufi zilizotumika ziandikwe mahali, maana kompyuta isiyo nazo huweka nyingine badala yake. Tatu, faili litunzwe na mwalimu wa kompyuta, na nakala yake iwe maktabani, si katika simu ya mtu mmoja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi wa mwaka wa sita tutaondoka karibuni, na ni aibu kuwaachia wadogo zetu picha zilizogandana kama tulivyoachiwa sisi.

Yule msichana bado tunasoma naye. Mwaka huu jina lake na liandikwe sawasawa.