Sehemu ya 9: Nesi na mashua, wapi na wapi?

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka na meseji kibao kuhusu ile picha ya Jumapili. "Sista umeokota pesa?" "Siku hizi manesi wana yoti?" Mwingine kaandika tu, "Mh." Huyo wa "Mh" ndiye aliyenifanya nikae niandike.

Kwanza, ile si yoti. Ni mashua ya mita 3.3, fupi kuliko ngalawa nyingi za kule kwetu Tanga. Nimeinunua pauni 380 pamoja na trela lake, kwa mzee ambaye magoti yamemgomea. Kwa mshahara wa nesi wa huku Uingereza, hizo ni kama zamu mbili tatu za ziada.

Na msimamo wangu ni huu: wewe unayefanya kazi za zamu huku, hasa kama umezaliwa pwani, mashua ndogo ya kuvuta na gari si anasa. Anasa ni ile kubwa inayokaa bandarini mwaka mzima ikilipiwa kwa mita, na mwenyewe anaiona mara nne. Yangu inalala kando ya nyumba chini ya turubai. Haili kitu.

Hii aina inaitwa Mirror. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror liliamua kumtafutia mtu wa kawaida mashua anayoweza kujiundia nyumbani. Waliichora Jack Holt na Barry Bucknell, huyo wa pili alikuwa fundi wa kwenye televisheni. Ilikuja vipande vipande kwa pauni 63 na shilingi 11. Zimeundwa zaidi ya 70,000, ndiyo maana za mtumba hazina bei. Sasa sikilizeni ilivyoungwa: mbao za plaiwudi zinatobolewa, zinashonwa kwa waya wa shaba, halafu maungio yanazibwa kwa gundi na utepe. Zinashonwa! Pwani yetu ilishona mitepe kwa kamba za makumbi karne na karne. Mzee aliponieleza nikacheka peke yangu, akadhani simwamini.

Mlingoti wake ni mfupi, juu yake unapandisha foromali, na ukishusha vyote vinalala ndani ya mashua. Ganda lake ni kilo 45 hivi. Mimi na mume wangu tunalibeba. Tangu Desemba 2021 leseni ya gari ya kawaida inakuruhusu kuvuta hadi kilo 3,500, kwa hiyo trela hili ni kama halipo. Baharini huku sheria haikudai leseni ya kuendesha mashua ndogo yako binafsi, ila mimi nasema soma kwanza. Kozi ya kuanzia ya RYA ni siku 2 tu.

Wikiendi nikiwa na ofu tunaivuta hadi Chichester Harbour. Unalipia ushuru wa bandari, unashusha Itchenor, unakwenda na maji yanayopwa mpaka East Head kwenye mchanga, unakula wali wako wa kwenye kontena, unarudi na maji yanayojaa. Ukikosea saa unakaa kwenye tope, kama kwetu tu. Usiku tunalala hemani. Anayetaka kulala ndani ya mashua yenyewe atafute Wayfarer, ina mita 4.8 na bado gari dogo linaivuta. Frank Dye alikwenda nayo kutoka Scotland mpaka Iceland mwaka 1963. Sisemi mfanye hivyo.

Sasa turudi kwa "Mh". Najua maana yake: hiyo hela ungetuma nyumbani, au ungenunua mifuko ya saruji. Jamani, natuma, na kiwanja kina msingi. Lakini kila mwezi nawaona wenzangu wodini wanauza kila siku yao ya ofu kwa zamu za ziada, mgongo umekwisha, presha imepanda na miaka arobaini bado. Tunawapima wagonjwa presha, yetu hatuijui. Mapumziko ambayo simu inashika mtandao si mapumziko, watakuita tu. Ukiwa umeshika kamba ya tanga mkono mmoja na usukani mkono mwingine, simu hupokei.

La hatari sitalificha, ni kazi yangu. Maji ya huku si ya Raskazone. Wastani wake ni nyuzi joto 12, na chini ya 15 mwili unapata mshtuko: unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unakimbia, presha inaruka. Anayevuta pumzi hiyo kichwa kikiwa chini anameza bahari. Hata anayejua kuogelea. Mshtuko huo hupungua ndani ya dakika moja hadi moja na nusu, kwa hiyo USIOGELEE kwanza. Lala chali, masikio ndani ya maji, elea mpaka pumzi irudi. Jaketi la kujiokolea livae ukiwa bado nchi kavu, na mwambie mtu saa utakayorudi. Mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari wake kabla. Na upepo huku hauna kusi wala kaskazi ya kuaminika, unabadilika mara tatu kwa siku. Ukifika nguvu ya 5 mimi nabaki ufukweni na chai yangu.

Aliyeuliza kuhusu watoto: mtu mzima mmoja na watoto wawili wanaenea. Wangu ana miaka 9, Kiswahili chake ni cha kuombea chai tu, lakini tanga, foromali, omo, tezi, kupiga bisho, hayo anayo. Juzi mzungu mmoja pale Itchenor alimwuliza ule mti wa juu unaitwaje. Akasema foromali. Yule bwana akamwuliza tena kwa Kiingereza ni nini, mtoto akanigeukia mimi. Hajui.