Kufuli Tumelifunga Sisi

Moto mkubwa ukitokea kwetu, lawama huanza kabla majivu hayajapoa: zimamoto wamechelewa, na gari lilipofika halina maji. Neno hilo nimelisema mwenyewe barazani, tena kwa sauti ya juu. Mara nyingine ni la kweli. Lakini naona tumelifanya kuwa blanketi la kujifunika.

Tutazame mabweni yaliyoungua, na waliokufa humo. Juni 1994, Shauritanga, Rombo: wasichana 42. Machi 1998, Bombolulu, pwani ya Kenya: wasichana 26. Machi 2001, Kyanguli, Machakos: wavulana 67. Agosti 2009, Idodi, Iringa: wasichana 12. Vyanzo havikufanana. Idodi ulitajwa mshumaa. Kyanguli ni petroli iliyomwagwa makusudi usiku. Ila Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo. Bombolulu nako ni mlango uliofungwa na madirisha ya nondo. Moto uliwakuta watoto wakiwa wameshafungiwa tayari, na waliowafungia ni watu waliowapenda, waliotaka wasitoroke na wasiibiwe.

Ndugu msomaji, godoro la sponji likishika moto halikupi nafasi ya kufikiri. Moshi wake mweusi una sumu, hupanda darini kisha hushuka, na aliyelala huweza kuzimia kabla mwali haujamfikia. Hayo ni mambo ya dakika chache. Hata gari la zimamoto lingekuwa mtaa wa pili, limejaa maji pomoni na dereva yuko usukani, dakika hizo si zake. Ni za aliye ndani, akiwa na pa kutokea.

Mwaka fulani nilikwenda siku ya wazazi kwenye shule moja ya bweni. Nikamwuliza mlezi wa bweni, mama mpole sana, ufunguo wa usiku unakaa wapi. Akanionyesha shingoni, umefungwa kwa utepe. "Na wewe unalala wapi, mama?" Akanyoosha kidole kwenye nyumba iliyo ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nilirudi nyumbani nimekasirika, mpaka nilipofika mlangoni kwangu nikahesabu: geti, grili, mlango, makufuli matatu, madirisha yote nondo zilizochomelewa. Usiku huo nilizima taa nikamwambia mwanangu atafute ufunguo wa grili. Alipapasa mezani, akapapasa juu ya friji, akakata tamaa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yangu.

Mwizi tumemjengea ngome. Moto hatukuuwazia hata kidogo.

Wala si kwamba hatuna maandishi. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unakataza nondo kwenye madirisha ya mabweni na unataka milango ifunguke kwa nje. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na maofisa wake wana mamlaka ya kukagua majengo. Tatizo ni kwamba mkaguzi akibisha hodi tunamwona mtoza ushuru. Na wapo wakaguzi, tusifichane, wanaokata risiti bila kuusukuma hata mlango mmoja. Mwenye jengo anayedai ukaguzi wa kweli, bado sijamsikia.

Septemba 2024, Endarasha, Nyeri: wavulana 21, katika bweni la mbao walimolala watoto zaidi ya 150. Ni miaka 23 baada ya Kyanguli.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu. Muhula ukifunguliwa, kabla ya kuuliza nafasi ya darasani, ombeni kuliona bweni. Sukumeni mlango muone unafunguka upande gani. Shikeni nondo. Mwulizeni mlezi ufunguo unalala wapi, na msiridhike na jibu la "usijali". Na nyumbani, mwiteni fundi wa kuchomelea akate grili ya dirisha moja la chumba cha watoto, aitie bawaba na komeo la ndani. Langu alilimaliza kabla ya adhuhuri, na mwanangu analifungua gizani.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114. Ibandikeni ukutani, lakini tokeni nje kwanza.