Tuulizane: Umejuaje?

Bila shaka mnaikumbuka foleni ya Samunge. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2011, huko Loliondo, mkoani Arusha. Mabasi, malori, magari ya wakubwa na hata helikopta zilimiminika kijijini kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mugariga, bei yake shilingi 500. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu ndiye aliyemfunulia dawa hiyo, na kwamba inatibu kisukari, saratani, pumu na ukimwi. Watu walitoka Kenya na mbali zaidi. Baadhi ya wagonjwa walifia foleni kabla ya kumfikia Babu. Baadhi walirudi makwao wakaacha dawa za kufubaza virusi, maana walikwisha kuamini kwamba wamepona.

Sina nia ya kumsuta Babu, ambaye sasa ni marehemu, wala waliokunywa. Ninachotaka tukichunguze ni jinsi tulivyozungumza siku zile, kwa sababu ndivyo tunavyozungumza hadi leo.

Sikiliza tena maneno ya wakati ule. Kauli moja ilisema: Mungu amesema na Babu. Hiyo ni imani, na hakuna maabara itakayoithibitisha wala kuikanusha. Nyingine ilisema: Babu ni mtu mwema, hana tamaa, angekuwa tapeli asingetoza mia tano. Hayo ni maoni juu ya tabia ya mtu, na huenda yalikuwa sahihi kabisa. Kisha ikaja ya tatu: kikombe kinaponya kisukari. Hii haingoji imani wala mapenzi. Inangoja mtu apimwe sukari kabla ya kunywa, apimwe tena baada ya wiki kadhaa, na wapimwe wengi, wakiwamo wale ambao hawakurudi kutoa ushuhuda.

Tulipoteleza ni hapo: tulichukua wema wa Babu tukaufanya ushahidi wa dawa. Lakini mtu mkweli anaweza kukosea kwa moyo mweupe. "Mbona hata mawaziri wamekunywa?" Uwaziri haupimi damu. "Jirani yangu kapona." Pengine, ila kujisikia nafuu ni jambo moja na virusi kutoweka ni jingine, tena aliyepata nafuu hupita akisimulia mtaa mzima, na aliyezikwa hasimulii.

Waliocheka nao wasijipongeze. Wengi waliita jambo lile ushamba wakaishia hapo, kana kwamba kicheko ni kipimo. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo chimbuko lake ni mmea. Mzizi unaweza kutibu na unaweza usitibu, na hilo hujulikana kwa kuuchunguza. Dharau ni maoni vilevile, hata ikivaa suti.

Kuzitenganisha kauli namna hii ni kazi ya falsafa, na hakuna aliyesema lazima ifanyiwe chuoni. Plato, katika kitabu chake Meno, anamfanya Sokrate akubali kwamba aliyebahatisha njia ya kwenda mji wa Larisa atafika sawasawa na anayeijua. Ila maoni yaliyosadifu kuwa kweli hayatulii. Hutoroka mpaka yafungwe kwa sababu. Karibu na kwetu, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alikwenda kuwahoji wazee wa Kenya waliosifika kwa busara. Aliona tofauti kubwa kati yao. Wapo waliozijua mila barabara na kuzieleza vizuri, lakini ukiwauliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo tulivyorithi. Na wapo walioipima mila hiyohiyo, wakaikubali hapa na kuikataa pale, kwa sababu walizozitoa wenyewe. Hao wa pili ndio aliowahesabu kuwa wanafalsafa.

Sasa jiulize kijiweni kwako wako wangapi wa aina hiyo. Sisi tuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kumwonya mtu asipuuze minong'ono. Tumeigeuza kuwa hukumu: mwanamke anaitwa mchawi, duka linasusiwa, mtoto anakosa chanjo, kwa sababu tu jambo "linasemwa".

Kuna wanaotaka kuiachia sheria kazi ya kutenganisha kweli na uvumi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu taarifa za uongo, na Kenya ikapata yake mwaka 2018. Mimi sioni usalama wa kukabidhi ofisi moja mamlaka ya kutuamulia lipi kweli. Kazi hii ni yetu.

Ndiyo maana naomba tukubaliane jambo hili kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye vikoba, kwenye vikao vya mtaa na baada ya ibada: kila anayeleta habari ya afya, ya fedha au ya heshima ya mtu, aeleze amejuaje. Ameona mwenyewe? Ameambiwa na nani? Ni kitu gani kikionekana atakubali kwamba amekosea? Akikosa jibu, aseme tu "hayo ni maoni yangu", na tumheshimu kwa kusema hivyo. Maoni hayana aibu. Nani anatufaa kwa ubunge ni maoni na yatabaki maoni, japo yapo yenye sababu na yapo ya mdomo mtupu.

Walimu, kwenye midahalo ya shule tuzo imekuwa ya mwenye sauti. Mpeni pia mwanafunzi aliyesikia hoja akabadili msimamo. Watangazaji, msikilizaji akipiga simu na tuhuma, muulizeni chanzo kabla hamjafungua mjadala.

Najua kwetu kumuuliza mkubwa "umejuaje" huonekana utovu wa adabu. Tulipambe swali basi: "Shikamoo mzee, habari hiyo nzito, nani aliyeiona?" Na wazee wetu, mkiulizwa hivyo, msinune, kijana anayewauliza anawapa heshima kuliko anayeitikia tu huku akiguna moyoni.

Ujumbe utakaokuja leo jioni ukikuamuru uutume kwa watu kumi, usiutume. Mrudie aliyekuletea, mwulize kwa upole, na umsubiri ajibu.