Tairi za Gari Wakati wa Masika

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumewaachia akina baba na madereva: tairi.

Masika moja tulikuwa tukitoka Ruangwa kwenda Nachingwea kwa gari la kikundi chetu cha kanisani, tumempakia mama mwenye uchungu. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu gari liliteleza, likaangukia mtaroni. Hakuna aliyeumia, lakini tulimzalisha mama yule pembeni mwa barabara, wenzetu wakimkinga mvua kwa kanga. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima.

Tairi zile tulizinunua mitumba miezi michache tu kabla, zikiwa na kashata nzuri. Fundi alituonyesha ubavuni alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Kumbe zilikuwa tairi za nchi za baridi! Mpira wake ni laini, ili ushike barabara joto likiwa chini ya nyuzi 7. Kwa joto letu la nyuzi 30 hulika upesi, na gari huchelewa kusimama. Mifereji ikiwa mifupi, tope huijaza na tairi huwa kama sabuni.

Basi, kabla ya kununua tuangalie haya:

Kwanza, umri. Baada ya herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho huonyesha wiki na mwaka. 2219 ni wiki ya 22, mwaka 2019. Tairi yenye zaidi ya miaka 10 tuiache, hata ikiwa inang'aa.

Pili, kina. Ndani ya mifereji kuna vinundu. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Wakati wa mvua tusingoje hapo. Milimita 3 zatosha kubadilisha.

Tatu, kashata. Kwa barabara za tope, zinazofaa ni nene zenye nafasi pana, ili tope litoke.

Nne, upepo. Tuupime asubuhi tairi zikiwa zimepoa, tukifuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva.

Tano, fedha zikitosha tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma, gari lisizunguke.

Tunajua tairi ni ghali. Sisi sasa tunachanga kidogo kidogo kila mwezi, na mvua zinapokaribia tunazikagua wenyewe. Dada mpendwa, leo jioni hebu inama uzitazame za kwako.