Sabufa Sebuleni ni Amana: Tuizime Kabla ya Kulala



Usiku mmoja wa mvua za vuli zilizopita tulirejea kutoka msikitini baada ya Sala ya Isha. Hata kabla hatujafungua mlango wa nyumba yetu, hapa kwenye mteremko wa mawe wa Mabatini jijini Mwanza, tulipokewa na harufu ya plastiki inayoungua. Mama wa nyumba alikuwa uani akiosha vyombo. Mtoto wetu wa miaka minne alikuwa amelala mkekani sebuleni, na nyuma ya kabati, hatua mbili kutoka kichwani pake, waya wa sabufa ulikuwa ukifuka moshi. Panya alikuwa ameutafuna. Tulimtoa mtoto, tukazima swichi kuu, na kwa rehema za Allah (S.W.) moto haukupata nafasi.

Jambo lililotushitua zaidi ni kwamba sabufa ile ilikuwa imezimwa tangu alasiri. Ilizimwa kwa rimoti, nasi tukaamini imezimika. Kumbe rimoti hunyamazisha sauti tu. Maadamu plagi imo ukutani na swichi ya soketi haijazimwa, umeme wa volti 230 unaendelea kusimama ndani ya waya, tayari kwa jino la panya au kwa tone la maji.

Hapo ndipo tulipokumbuka mafundisho ambayo wengi wetu tumeyasikia tangu chuoni. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliagiza taa zizimwe wakati wa kulala, na akabainisha kuwa panya huweza kuuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba yao. Utambi umeondoka, panya amebaki. Taa ya zamani leo ni sabufa, redio, runinga na chaja ya simu, na agizo ni lile lile.

Basi tuanzie kwenye plagi. Kila usiku izimwe swichi ya ukutani na plagi ichomolewe, tena kwa kushika plagi yenyewe, si kuvuta waya. Tufanye hivyo pia umeme unapokatika, kwa kuwa unaporudi huweza kuja na nguvu inayounguza vifaa. Na mawingu ya radi yanapokusanyika juu ya Ziwa, tuchomoe plagi pamoja na waya wa antena mapema, kabla ngurumo hazijafika. Anayengoja ngurumo ya kwanza amekwisha chelewa.

Soketi moja ya kuunganishia isibebeshwe sabufa, jokofu na pasi kwa pamoja. Fyuzi ya plagi ikikatika, tusizungushie karatasi ya sigara; fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Waya uliochubuka haufungwi kwa gundi ya karatasi, bali hubadilishwa na fundi. Wala tusiifungue sabufa wenyewe kwa bisibisi, kwani ndani yake mna vipande vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Akina mama wanapenda kuipamba sebule kwa vitambaa vya kufuma, na ni pambo zuri. Lakini kitambaa kikifunika matundu ya sabufa, joto hukosa pa kutokea. Tuiache shubiri moja kutoka ukutani, na kikombe cha chai kisiwekwe juu yake. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa tunavijua vile vijidudu vinavyopanda kutoka majini mithili ya moshi na kufuata taa. Hujaa ndani ya spika, vikafa humo na kushika unyevu. Kwa hiyo kifaa kifunikwe wakati kimezimwa na kimepoa, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu au brashi laini, plagi ikiwa nje. Ndugu zetu wa visiwani wanaotumia redio za betri watoe betri pale redio inapokaa muda mrefu bila kutumika, maana betri huvuja na kuula mfumo wa ndani.

Amana ya pili ni sikio. Qur'ani inatufundisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa, nasi kwa kawaida tunafikiria yale tunayoyasikiliza, tukasahau kiasi cha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na kwa mtoto kiwango ni desibeli 75. Nyumbani hatuna kipimo, lakini ipo njia rahisi: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, sauti hiyo imezidi. Hali ni hiyo hiyo iwe unaotoka kwenye sabufa ni muziki au mawaidha. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kijana anayelala na spika za masikioni, kisha akaamka akisikia mlio, asikemewe tu. Apelekwe kwa madaktari wa masikio, kama wale wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando.

Na nyuma ya ukuta yuko jirani. Nyumba zetu za mlimani zimebanana, na mgonjwa wake anasikia kila kinachosikika kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele za mwaka 2015 zinamlinda, lakini Muislamu hangoji sheria ndipo aijue haki ya jirani.

Siku hizi, nyumbani kwetu, mtoto yule ndiye anayetukumbusha kuchomoa plagi kabla ya dua ya kulala. Usiku wa leo, nasi na nyinyi, tupite sebuleni mara moja kabla ya kufumba macho.

Wabillahi tawfiiq.