Picha Inapoitwa Kutoa Ushahidi



Ni nyumba chache za wenzetu huku ugenini ambazo hazijapata kupokea kwa simu picha ya maovu yaliyotendeka nyumbani: huyu anapigwa, yule anaburutwa. Tunaitazama, tunasikitika, tunampelekea jirani, kisha tunaifuta ili simu ipate nafasi. Mwezi huu tumeona tuzungumzie picha za namna hiyo, kwani siku hizi huitwa mahakamani, na nyingi hufika zikiwa bubu.

Tutazame yaliyotokea Kameruni. Mwezi wa Julai 2018 ilienea video ya watu waliovaa sare za kijeshi wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili, mmoja wao mchanga aliyebebwa mgongoni mwa mama yake. Mwishowe wakawapiga risasi wote wanne. Serikali ilikana, ikasema ni habari za uongo. Mahali hapakujulikana, wala siku.

Wachunguzi wa BBC Africa Eye na wenzao walianza na kitu ambacho muuaji hawezi kukificha, nacho ni milima. Mstari wa vilele ulioonekana nyuma ya watu wale ulilinganishwa na picha za setilaiti hata ukaafikiana na mahali karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa, jirani na mpaka wa Nigeria. Kisha yakatazamwa majengo: lipi lilikuwapo mwaka gani, na lipi lilikuwa bado halijajengwa. Mwisho vikaja vivuli. Jua lina njia yake isiyobadilika, basi kivuli cha mtu anayetembea hueleza majira aliyotembea. Hesabu ilitua baina ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. (Na wako wanafunzi waliokuwa wakituuliza somo la vivuli lina faida gani!) Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Atakayesema kwamba miaka hiyo ni michache kwa roho nne, hatutambishia.

Hata makaburi ya mawalii wa Timbuktu, yaliyobomolewa mwaka 2012, yalisemewa na picha. Katika kesi ya Ahmad Al Faqi Al Mahdi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, video na picha za setilaiti zilikuwa miongoni mwa ushahidi. Mwenyewe alikiri, na mwaka 2016 akahukumiwa miaka 9.

Lakini hakimu haamini picha kwa sababu inaliza. Huuliza kama walivyouliza wanavyuoni wa hadithi: umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani, hata tumfikie aliyeona kwa macho yake? Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Video ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na maelezo yaliyofichika ndani yake, kama vile saa na mahali ilipopigwa, hupotea. Anayeongeza maandishi au muziki wa huzuni huiharibu zaidi. Wala kuitundika YouTube si kuihifadhi: mwaka 2017 video nyingi za vita vya Syria ziliondolewa huko na mitambo isiyotambua tofauti ya anayesifu mauaji na anayeyashtaki.

Basi ukiletewa picha ya aina hiyo, mwombe aliyeipiga aiache ile ya asili kama ilivyo, asiikate wala kuipamba, na nakala akuletee kama waraka, si kama video. Wewe nawe andika kwenye karatasi: nani kakuletea, siku gani, na alikwambia ni wapi. Usiisambaze.

Tunalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu elimu ile ile iliyoutambua mlima wa Zelevet yaweza kutumiwa na mwenye nia mbaya. Video iliyopigwa kwa siri dirishani humwonyesha anayepigwa, lakini pia huonyesha nondo za dirisha, paa la jirani, na mnara wa msikiti ulio mkabala. Mara nyingine husikika sauti ya mpigaji akimnong'oneza mtoto anyamaze. Askari wa mtaa huo hahitaji setilaiti kuijua nyumba hiyo.